Aibu Isiyo na Kosa

Binti yangu yuko kidato cha pili, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Izia, hapa Sumbawanga, mimi ndiye kamusi. Sikuiomba kazi hiyo. Nilimaliza kidato cha nne, nikapita Tunduma, Mpanda, Kasanga na sehemu nyingine ambazo mke wangu hapendi nizitaje mbele ya wageni, nikarudi na Kiingereza cha kuombea lifti na kuulizia bei. Mtoto haangalii hayo. Anaona baba amezunguka, basi baba anajua. Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi imetufungia wote ndani, akaniletea neno: embarrassed. Mwalimu wao alikuwa amewaambia waeleze maana yake kwa Kiswahili, halafu watoe mfano kutoka nyumbani.

Nikamjibu haraka, kama watu wanaojua wanavyojibu, kwamba maana yake ni mwenye aibu.

Akasema hilo mwalimu amelikataa. Mwenye aibu ni neno jingine, lina ukurasa wake. Nikasema basi mwenye haya. Akasema hilo nalo limeshachukuliwa. Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni, akashauri kwamba kama Kiswahili kimeisha, tumwachie Mwingereza neno lake alale nalo.

Mimi lile neno lilikuwa limenirudisha darasani. Sisi tulifundishwa maneno hayo kwa safu. Mwalimu wetu aliandika ubaoni la kwanza, mbele yake akaweka "mwenye haya". La pili, "mwenye aibu". Alipofika kwenye embarrassed chaki ilisimama. Alitazama nje, upepo ulikuwa unaokota vumbi la uwanja wa mpira na kulipeleka bwenini, halafu akageuka akaandika "mwenye aibu pia". Hakuna aliyeuliza. Wakati ule mwalimu hakuulizwa habari za "pia". Nimeishi na "pia" ile zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijawahi kuielewa.

Nilikutana nalo tena Kasanga, miaka niliyofanya kazi ya kushika funguo katika nyumba ya wageni. Alifika mgeni mmoja wa kizungu, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha barazani ili avue viatu, kiti kikapasuka miguu yote minne kwa mpigo, kila mguu ukaelekea upande wake. Alinyanyuka akiwa mwekundu kama nyanya na kusema yeye ni embarrassed sana. Mimi nikasikia aibu, nikadhani anaungama. Nikamwambia kiti kilikuwa kizee, hakuna atakayemshtaki. Akarudia kwamba ni embarrassed. Nikamwambia nimemsamehe kwa niaba ya mwenye nyumba. Akazidi kuwa mwekundu. Tuliendelea hivyo, yeye akiungama na mimi nikisamehe, mpaka mpishi akatoka na kutuuliza tunagombania nini.

Kwa hiyo nikamwambia binti yangu kwamba, kwa jinsi nilivyoona kwa yule mgeni, hiyo ni aibu isiyo na kosa. Mtu hakuiba, hakudanganya, hakumtukana mzazi wake, lakini uso unamuwaka kana kwamba amefanya yote matatu. Akaipenda sana, akaandika. Kisha akataka mfano wa nyumbani.

Nikasema, "Hapa kwetu mambo hayo hayapo."

Nyuma ya pazia la chumbani mtu akakohoa. Alikuwa mama mkwe wangu, mgeni wetu wa siku hizo.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanawapigia mama wakwe zao simu za video na kuwatania. Mimi ninatoka Mollo, mke wangu anatoka Kate, na nyumba zote mbili ni za wakulima wa mahindi na ulezi wanaosali na kushika mambo ya zamani kwa pamoja bila kuona tatizo. Kwa wakwe zangu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia shambani. Salamu inatolewa kwa mbali, mtu amechuchumaa na kupiga makofi ya polepole, macho yakiwa chini. Si ugomvi. Ni heshima, na ina mwisho wake: siku ikifika mama mkwe anapika, mkwe anaitwa nyumbani kwake, anakula chakula chake mbele yake, na kuanzia hapo wanaweza kukaa na kuzungumza kama watu.

Siku yangu haikuwahi kufika. Kila ilipopangwa nilikuwa nimeshaondoka. Mara ya kwanza niliitwa Mpanda, mara ya pili Tunduma, mara ya tatu hakuna aliyeniita, niliona tu lori linaelekea mahali. Jogoo walichinjwa wakaliwa na wengine. Mwishowe mama mkwe akaacha kupanga, nami nikaingia miaka ya arobaini nikiwa na mtoto wa sekondari, huku kwa upande wa Kate bado ni bwana harusi wa jana.

Sasa macho yalikuwa yamemleta. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kabisa, mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Baada ya misa ilitangazwa kwamba madaktari wa macho watakuja hospitalini mjini kwa wiki moja tu na kupasua bila malipo. Mke wangu akapanda basi kwenda kumchukua siku hiyohiyo. Tulijua wote kwamba nafasi ni hiyo. Mama mkwe alikuwa ameshasema Mbeya haendi, hata kwa gari la Papa, na bila kupasuliwa angerudi Kate kukaa kibarazani na kusubiri giza limalize kazi.

Nyumba yetu ni chumba na sebule. Choo na bafu viko uani, na njia ya kutoka chumbani kwenda uani inapita sebuleni. Niliposikia anakuja nilikuwa nimeshafunga blanketi langu ili nikalale Mollo kwa kaka yangu wiki nzima. Lakini alipofika, kabla hata ya kuvuka kizingiti, alisimama mlangoni na kumwambia mke wangu kwa sauti ambayo ilinifikia mpaka uani nilipojificha.

"Mwanangu, mimi sioni kitu. Macho yamekwisha yote mawili. Kaeni tu kwa amani."

Nikafungua blanketi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: haya ya mkwe na mama mkwe ni ya macho, na kama macho hayapo, haya itakaa wapi? Nilimwonea huruma, na papo hapo nikashukuru kwamba sitalala Mollo, kwa sababu kaka yangu anakoroma.

Mama mkwe na binti yetu wakachukua chumba, mimi na mke wangu tukatandika godoro sebuleni. Mwanzoni nilikuwa na adabu. Akipita, niligeuka. Akikaa sebuleni kuota jiko, nilitoka. Lakini mtu anazoea. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli hapohapo barazani, mke wangu anauza chakula karibu na stendi na hutoka alfajiri, binti huenda shule, kwa hiyo mchana tulibaki mimi, mama mkwe na kuku. Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kuzungumza ana kwa ana, tulizungumza kupitia kuku.

Hilo si jambo la ajabu kwetu. Kukiwa na mtoto unampa mtoto maneno, na asipokuwepo unampa yeyote aliye karibu. Mama mkwe angesema kutoka ndani, "Kuku, mwambie mwenye nyumba maji yake yamechemka." Nami ningesema kutoka barazani, "Kuku, mwambie mama nimesikia, na amwachie mtoto sufuria ya kuosha." Kuku alikuwa mjumbe mvumilivu, ila mara nyingine aliondoka katikati ya ujumbe kwenda kuparua kwa jirani, na ikabidi wote wawili tunyamaze mpaka arudi. Siku moja alikawia sana. Nilimsikia mama mkwe akimngojea, akiguna, halafu akasema polepole kwamba kuku wa Kate hawana tabia hiyo.

Kidogo kidogo nikaanza kupita sebuleni bila viatu. Kisha nikaanza kupita bila kugeuka. Siku moja ilibaki ukoko wa ugali wa ulezi kwenye sufuria, nikaula nimesimama palepale penye jiko, nikikwangua kwa kijiko, hatua chache kutoka kiti chake. Aliendelea kuchambua maharage. Alikuwa anachambua vizuri sana. Vijiwe alivitoa kimoja kimoja na kuvitupa uani. Jirani aliyepita alistaajabu, nikamwambia hao wazee waliolima maisha yao yote wana macho kwenye vidole.

Halafu ikaja siku ya taulo. Niliamini yuko chumbani amelala, nikatoka bafuni uani nikiwa na taulo tu, natetemeka kwa ile baridi yetu ambayo haina adabu kwa mtu. Nilipoingia sebuleni alikuwa amekaa kwenye kiti, uso umeelekea mlangoni moja kwa moja. Nikasimama. Taulo lenyewe halikuwa refu. Niliwaza kurudi nje, lakini nje palikuwa na upepo na mteja amefika na baiskeli. Basi nikajikumbusha kwamba haoni, nikabana pumzi na kupita mbele yake kwa vidole vya miguu mpaka kwenye sanduku la nguo. Hakutikisika. Alipiga miayo, akavuta kitenge chake mpaka puani, akasema, bila kuku kuwapo, kwamba leo kuna upepo.

Nilimsimulia mke wangu jioni, tena kwa kujisifu, kwamba tunaishi vizuri na mama. Aliniuliza taulo gani. Nikamwambia lile la bluu. Akainamisha kichwa kwenye ndoo ya vyombo, mabega yakimtikisika, na mimi nikadhani analia kwa ajili ya macho ya mama yake.

Siku ya kupimwa mke wangu alisema atatutangulia, apange foleni ya kuandikisha, nami nimlete mama. Bajaji mama aliikataa. Bajaji ina kiti kimoja cha nyuma, na mtu na mkwe wake hawawezi kusukumwa bega kwa bega mpaka mjini. Tukaenda kwa miguu. Nilichukua mpini wa jembe, nikashika ncha moja nyuma ya mgongo wangu, yeye akashika ncha nyingine, ili tusigusane mikono, na nikatembea mbele bila kugeuka. Watu wa Izia walitoka nje kutazama. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Mshikaji, unamvuta bibi au bibi anakusukuma?" Nikaendelea kutembea.

Njiani kuku hakuwepo, kwa hiyo niliongea na hewa. Nilisema, "Kuna mtaro hapa." Nilisema, "Kuna jiwe." Na kila niliposema nilihisi mpini umeshanyanyuka kabla sijamaliza, maana yake mama alikuwa ameshavuka. Mahali fulani palikuwa na dimbwi nililolisahau, nikalikanyaga mimi mwenyewe mpaka kwenye soksi. Nyuma yangu mpini ulipinda kulia, ukazunguka, ukanyooka. Nilidhani amesikia maji yakiruka.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wazee wa Nkasi na wa Sumbawanga vijijini, kila mmoja na makoti mawili na mtu wake wa kumshika. Mke wangu alikuwa bado kwenye foleni ya dirishani, upande wa pili wa jengo. Nesi akatokea mlangoni, mwanamke wa makamo mwenye sweta jekundu juu ya gauni, akaita jina la mama. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwingiza. Nikashika ncha yangu ya mpini, tukaingia.

Nilimfikisha kwenye kiti, nikarudi mlangoni na kugeukia ukuta. Mlango ulibaki wazi, na benchi la kwanza lilikuwa hapohapo, wazee wametega masikio kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Nesi akamulika tochi kwenye jicho la kulia. Akauliza kama anaona mwanga. Mama akasema haoni. Hata weupe? Hata weupe. Akahamia la kushoto. Mama akasema na huko haoni.

Nesi akaisogeza tochi polepole huku na huku. Kisha nesi akasema, "Bibi, jicho lako linaifuata tochi yangu."

"Linafuata sauti yako, mwanangu."

"Sijaongea."

"Basi linafuata joto."

Mtu mmoja benchini akacheka kwa puani. Nesi alirudia kila kitu kwa upole, akaonyesha vidole, akauliza ni vingapi, mama akajibu kwamba kwa macho yake hakuna kidole hata kimoja duniani. Nilisikia nesi akivuta kiti na kukaa. Akamweleza kwamba mtoto wa jicho hamzuii mtu kuona mwanga wa tochi. Ambaye haoni hata mwanga ana ugonjwa mwingine ndani ya jicho, na huyo madaktari hawa hawampasui, wanamwandikia kwenda Mbeya.

"Nikuandikie Mbeya, bibi?"

Mama akanyamaza. Niliujua ukimya huo, mke wangu anao pia. Hapo ndipo ilipoanza kuniingia akilini. Si yote kwa pamoja. Ilikuja kwa vipande. Kwanza maharage. Kisha dimbwi. Kisha yale aliyoyasema mlangoni siku aliyofika, kaeni tu kwa amani, na kwa nini aliyasema kabla ya kuvuka kizingiti na kwa sauti kubwa vile. Alikuwa ameona chumba na sebule, akaona blanketi langu limefungwa, akaamua kuwa kipofu ili nisihame nyumbani kwangu. Ilikuwa zawadi. Na sasa alikuwa tayari kwenda na zawadi hiyo mpaka gizani, kwa sababu kusema anaona ilikuwa ni kusema, mbele yangu na mbele ya benchi zima, kwamba ameona.

Halafu nikakumbuka taulo.

Sijui kama Waingereza wana neno la hali niliyokuwa nayo. Kumbe wanalo. Masikio yalikuwa ya moto, shingo ya moto, mpaka ile soksi iliyolowa nadhani ilianza kukauka. Na sikuwa nimeiba kitu.

Nesi akanigeukia. "Baba, wewe ni nani wake?"

Nikauambia ukuta kwamba mimi ni mkwe.

"Basi mwambie aseme ukweli. Jicho la kushoto linaona, na la kulia ni mtoto wa jicho tu, leo hii tunalipasua. Lakini siwezi kumwandikia daktari kwamba anaona wakati mwenyewe anakataa."

Nikasema siwezi kumwambia. Akauliza kwa nini. Nikarudia kwamba mimi ni mkwe, na nikadhani hatanielewa, kwa maana matamshi yake yalikuwa ya watu wa Mbeya. Lakini akaanza kucheka kwa sauti ya chini. Alisema kwao Tukuyu ni mwanamke anayemkimbia baba mkwe, na yeye mwenyewe alishawahi kuingia katikati ya migomba na ndoo ya maji kichwani na kusimama humo mpaka mzee amalize kuzungumza na wenzake njiani, maji yakimwagikia shingoni. Akaniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi. Nikamwambia. Akauliza bibi amekaa hapo tangu lini. Nikamwambia.

"Toka nje kidogo, baba," akasema.

Nikatoka, nikasimama upande wa pili wa mlango. Nesi akauliza tena. Na mama, ambaye alijua vizuri kwamba mimi sijafika mbali, akajibu tena kwamba haoni. Nikamsikia nesi akichukua kalamu.

Nilitafuta mtu wa kumpa maneno. Benchini kulikuwa na mzee amevaa kofia ya sufu, nikamwambia, "Mzee, mwambie mama aseme anachokiona." Mzee akanijibu kwamba yeye alikuja kwa ajili ya macho, mambo ya wakwe wa watu hayawezi. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akageuka upande mwingine. Hakukuwa na mtoto wala kuku. Mke wangu alikuwa dirishani, na kalamu ilikuwa inaandika.

Nikarudi mlangoni. Nilichuchumaa, nikapiga makofi kama inavyotakiwa, macho yakiwa kwenye sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikamsemesha yeye mwenyewe.

"Mama. Sema unachokiona. Mimi nimeshajua, na sijakasirika."

Kalamu ikasimama. Benchi lote likasimama pia, kama linaweza kusimama. Nikaona miguu ya mama mkwe ikisogea, kandambili moja juu ya nyingine. Kisha akamwambia nesi, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi barazani:

"Naona mwanamume amechuchumaa. Vifungo vya shati lake vimepishana."

Nikashika shati. Ilikuwa kweli.

Nesi akauliza anamwona kwa uwazi gani. Hilo lilikuwa swali la kitabibu, na mama akalijibu kitabibu. Alisema anamwona kama mtu aliye nyuma ya moshi. Sura haipati vizuri. Lakini mambo makubwa anayapata. Nesi akaomba mfano. Mama akasema, kwa mfano, anajua mtu huyo anakula ukoko amesimama. Nesi akaandika. Mama akaongeza kwamba mtu huyo ana taulo la bluu.

"Rangi unaziona, basi," nesi akasema bila kuinua kichwa.

"Naziona. Na tundu lake naliona."

Benchi zima lilivunjika mbavu kwa kicheko. Yule mzee wa kofia ya sufu alicheka mpaka akatolewa nje kwenda kukohoa. Nesi aliweka kalamu chini, akaegemea meza, akafunika uso kwa ile karatasi. Hata mama mkwe nilimsikia, kicheko chake kilikuwa kidogo na kikavu, kama ulezi unapomwagwa kwenye ungo. Mimi niliendelea kuchuchumaa kwa sababu sikuona mahali pengine pa kuwa.

Mke wangu alifika akikimbia na kadi mkononi, akauliza kuna nini. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi na vifungo vyangu, akasema, "Taulo, siyo?" Ndipo nilipofahamu kwamba ile jioni kwenye ndoo ya vyombo hakuwa analia.

Walimpasua jicho la kulia mchana uleule. Alilala hospitalini, mke wangu akabaki naye, na mimi nikarudi Izia peke yangu na mpini wa jembe begani. Nilijisikia mwepesi. Nilifikiri tumemaliza. Tumesemeshana ana kwa ana, ametaja taulo langu mbele ya watu wa wilaya mbili, ni kitu gani zaidi kinaweza kubaki kati yetu? Nilijiona nimeshavuka kile chakula ambacho sikuwahi kukila. Nilipanga hata nitakavyomsalimia, nimesimama wima, kama vijana.

Asubuhi nilivaa koti, nikahakikisha vifungo vyote, nikaenda. Wodini palikuwa na vitanda vingi na wazee wenye vitambaa vyeupe jichoni, wamekaa wima wote wakisubiri, kama watu wanaosubiri misa ianze. Mke wangu alikuwa kando ya kitanda. Nikaingia mpaka ndani kabisa, nikasimama miguuni. Nesi wa jana akaja na bakuli, akaanza kubandua plasta taratibu. Mama alikuwa ameshika mkono wa binti yake.

Kitambaa kikatoka. Alifumba jicho, akafumbua, likatoa machozi, akafumba tena. Nesi akamwambia asiwe na haraka. Akafumbua mara ya pili. Alitazama kiganja chake, akakigeuza, akatazama upande wa nyuma wenye mishipa. Alitazama shuka. Alimtazama mke wangu kwa muda mrefu, akagusa shavu lake, akamwambia amekonda na kwamba nywele hizo zimesukwa vibaya. Mke wangu alianza kulia na kucheka vyote viwili.

Kisha akainua uso na kuniona.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusalimia. Sikuwahi kutazamwa na mama mkwe wangu, na sijui wengine wanatazamwaje. Alinitazama kuanzia juu mpaka kwenye viatu, bila moshi wowote kati yetu, kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka mbili. Halafu akavuta kitenge kwa mikono yote miwili, akajifunika kichwa, uso, kila kitu, na kutoka ndani yake ikatoka sauti.

"Mwanangu, mwambie mkwe atoke. Jamani, mwanamume mzima anasimama hivyo mbele ya mama yake."

Mke wangu akanigeukia ili anifikishie ujumbe, lakini nilikuwa nimeshaupata. Niliinama, nikapiga makofi, nikatoka kinyumenyume nikigonga vitanda viwili na ndoo moja, uso unaniwaka tena kama jana, mpaka nikafika nje kwenye upepo. Nilisimama hapo, na nikagundua kwamba ninacheka peke yangu.

Nesi alitoka nyuma yangu na bakuli lake.

"Vipi baba, umefukuzwa?"

Nikamwambia nimefukuzwa.

"Si mlishamaliza jana? Kwa nini tena?"

"Anaona," nikasema.